Bei Iliposhuka, Jiwe Likageuzwa

Pale Ndosho, mjini Goma, barabara ya kwenda Sake inapokutana na kichochoro cha mafundi wa kulehemu, kila muuza petroli ana jiwe lake. Si meza wala kibanda, ni jiwe tu. Jiwe jeusi la volkano, limechongwa upande mmoja likawa tambarare, na juu yake inasimama chupa moja ya petroli ili mwenye pikipiki aione kwa mbali apunguze mwendo. Mwenye jiwe anakaa nyuma yake juu ya kigoda, na bidoni zake, yaani madumu ya petroli, na faneli, na kitambaa cha kuchujia uchafu. Watawala wamekuja na kuondoka, kodi zimebadilishwa majina, lakini mawe yale yanajulikana ni ya nani, na hakuna mwenye akili timamu anayethubutu kuweka chupa yake kwenye jiwe la mwenzake.

Jiwe la tatu kutoka kona ni la Athanasie Nyirarukundo. Jina hilo analitumia mchungaji wake tu. Watu wengine wote wanamwita Mama Igihozo, kwa sababu ya binti yake wa kwanza aliyeolewa Sake. Ni mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kupita juu ya ngurumo za malori, na ukitaka kumwona akiinuka kwenye kigoda chake mwambie tu kwamba jambo fulani haliwezekani.

Wauzaji wale wana chama, na chama kina adhabu moja inayowatia watu baridi. Mtu akivunja makubaliano, mwenyekiti anakuja mchana kweupe, anainama, anashika jiwe la mkosaji na kulipindua. Upande uliochongwa unalala chini, na tumbo la jiwe, lile lenye makovu na matundu, linabaki juu. Tangu hapo mwenye jiwe haruhusiwi kuuza hata tone mpaka asimame mbele ya wenzake aombe msamaha. Asipoomba, jiwe linabebwa na kutupwa mtaroni na nafasi anapewa mtu mwingine. Na wanaosubiri nafasi Ndosho wangeweza kujaza kanisa.

Kwa hiyo mtu anaposema kwamba Mama Igihozo aligeuziwa jiwe na akaendelea kuuza, aliyezoea kona ile anataka kwanza kujua kama yule mama alikuwa mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amekasirika.

Alizaliwa upande wa Rutshuru, katika nyumba ya mkulima wa maharage. Baba yake alikuwa na kiburi kizuri cha mtu anayelima vizuri. Mwaka mmoja mvua ilinyesha kama ilivyopaswa, maharage yakakubali kila shamba, na siku ya soko kila mtu akaja na magunia yake. Bei ikaanguka kabla jua halijafika kichwani. Baba akasema hawezi kuuza jasho lake kwa bei ya matusi, akarudisha magunia nyumbani, akayapanga ukutani kusubiri wanunuzi warudi na adabu zao. Wanunuzi hawakurudi. Waliokuja ni dumuzi. Athanasie alikuwa msichana mdogo, lakini hajasahau mama yake akikaa uani na ungo, akipepeta vumbi la maharage huku machozi yanamtoka kimyakimya, na baba akiwa ndani, bado anasema kwamba yeye ndiye mwenye haki.

Vita vilipowatoa huko, alikuja na watoto mpaka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, akalala chini ya turubai kama wengine, akapanga foleni ya unga kama wengine, mpaka siku moja akaona amechoka kupanga foleni. Akashuka mjini na chupa moja ya petroli aliyokopeshwa. Aliyemwonyesha pa kukaa ni Papa Bagalwa, mzee wa kutoka upande wa Bukavu, karani wa zamani, ambaye tayari alikuwa mwenyekiti wa chama. Papa Bagalwa ndiye aliyekwenda naye kwenye uwanja wa mawe ya volkano, akamchagulia jiwe, akalibeba begani mwake mpaka barabarani, akamfundisha kuchonga na kuchuja. Hilo Mama Igihozo analisema kila mara, hata leo, hata akiwa na hasira naye.

Na volkano ilipotapika ile mara ya mwisho, mji mzima ukikimbilia Sake na magodoro kichwani, yeye alikimbia na bidoni ya petroli mgongoni. Watu walikuwa wanamkwepa. Mbele moto, nyuma moto, na katikati mama mmoja amejifunga petroli kama mtoto. Wakamwomba aitupe. Akawauliza kesho atawalisha watoto nini, magodoro yao? Asubuhi, pikipiki zote zilizokuwa Sake zilikuwa kavu, na bidoni ile iliuzwa mpaka harufu yake. Toka siku hiyo akaamini kwamba petroli haimtupi mtu.

Tatizo lilianza na imani hiyo.

Mji ulipoingia mikononi mwa watawala wapya na benki zikafunga milango, watu wa Goma wenye akiba ndogo walibaki nayo mkononi wakiitazama. Kuiweka chini ya godoro ni kuwaita wezi. Ndipo Gisèle Namegabe, mjane anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, na asiyekosa misa ya asubuhi, alipokuja kwa Mama Igihozo na pesa zake zimefungwa ndani ya kitenge.

"Mama Igihozo, miye sina banki tena," alisema. "Lakini mafuta yako haifungake mulango. Tuweke pamoja mu mafuta. Bei ikipanda, tunagawana."

Wakaweka pamoja. Uani kwa Mama Igihozo, chini ya turubai, wakachimbia mapipa katika kokoto nyeusi ili yapate ubaridi. Na maneno yalipoanza kuvuma kwamba barabara ya Uganda itafungwa, wakafanya kile ambacho mtu yeyote wa Goma angefanya: wakanunua kwa nguvu, kwa bei kali, wakajaza mapipa yote manne mpaka shingoni. Huku kwetu bei ya mafuta ina mwalimu mmoja tu, na mwalimu huyo ni barabara. Barabara ikifungwa, bei inapanda. Ikifunguliwa, bei inapumzika kidogo. Mtu aliyekulia hapa anajua hilo kabla hajajua kusoma, na hajui kwamba kuna mwalimu wa pili.

Barabara haikufungwa. Asubuhi moja Havugimana, dereva wa pikipiki anayenunua kwa Mama Igihozo kila siku, alisimama mbele ya jiwe bila kuzima injini.

"Mama, ku stations za mujini mafuta imeshuka. Ata Gisenyi, ku Rwanda, imeshuka."

"Imeshuka ju ya nini? Barabara iko namna gani?"

"Barabara iko vile vile, mama. Imeshuka tu."

"Mafuta haishukake tu," alisema Mama Igihozo, na akamtazama kama mtu aliyeletewa habari ya mbuzi anayetaga. Lakini Havugimana aliondoka bila kujaza, na siku hiyo wengi waliondoka bila kujaza.

Papa Bagalwa aliita mkutano nyuma ya karakana ya kulehemu. Alikuja na koti lake la kijivu na ile sauti yake ya ofisini.

"Bandugu," alisema, "mafuta yenye tuko nayo, tulinunua bei kali. Mutu asishushe. Mafuta ya zamani, bei ya zamani. Tumalize kwanza ile iko mu tonneau, mu mapipa, kisha tutashusha wote pamoja. Chupa ni trois mille cinq, elfu tatu na mia tano, haibadilike."

"Na bamotard, ba pikipiki, bakikataa?" aliuliza mmoja.

"Bataenda wapi? Pikipiki hainywake mayi."

Walicheka wote. Mama Igihozo naye alicheka, na aliinua mkono wake kukubali kama wengine, hilo asisingiziwe. Aliona ni haki. Mtu amenunua ghali, auzeje rahisi?

Basi wakakaa. Chupa zikasimama juu ya mawe, jua likazipiga, na pikipiki zikapita. Madereva walikuwa wanakwenda kujaza mjini na kurudi, wakipita mbele ya kona ile wanapiga honi kwa makusudi. Mama Igihozo alikuwa na redio ndogo aliyoifunga kwa mpira, na kwa kuwa hapakuwa na kazi ya mikono, masikio yakapata kazi. Siku moja wakazungumza habari za mafuta kwa Kiswahili, naye akaisogeza redio karibu, tayari kubishana nayo.

Mtu wa redio akasema kwamba nchi zenye visima zilikuwa zimekubaliana kutoa mafuta kidogo ili bei ikae juu. Lakini kila moja ilikuwa na shida zake nyumbani, ikawa inachota zaidi kwa mlango wa nyuma. Zile zilizoheshimu mapatano zikaona zinapoteza wateja bure, nazo zikafungua mabomba. Mafuta yakawa mengi. Na wakati huohuo viwanda vya mbali vilikuwa vimepunguza kazi, watu wa China wanaendesha magari ya betri, na wafanyabiashara wakubwa wameingiwa na hofu kwamba kesho itakuwa mbaya kuliko leo, wakawa wanauza mapema. Vyote hivyo vikakutana. Bei ikashuka huko, ikapanda meli mpaka Mombasa, ikapanda lori kuvuka Uganda, na sasa ilikuwa imefika Ndosho, imechelewa kama kila kitu kinachotufikia.

Mama Igihozo hakubishana. Alikuwa anaona soko la Rutshuru, magunia yote siku moja, na ungo wa mama yake.

Kisha mtu wa redio akaanza kusema kuhusu wawekezaji, yaani wale walioweka pesa zao katika mafuta wakisubiri faida. Akasema sasa wengi wana vidonda. Wengine wanang'ang'ania, wanasema hawauzi mpaka bei irudi pale waliponunulia, kana kwamba soko linakumbuka walinunua kwa ngapi. Mama Igihozo siku zote alidhani mwekezaji ni mtu wa suti na ndege. Sasa akamfikiria mama aliyechimbia mapipa manne uani, amejaza mpaka shingoni kwa sababu ya uvumi, na anakaa juani akisubiri bei imwombe radhi. Akaizima redio kwa hasira.

Jioni hiyo alifungua pipa moja apime. Petroli si mchanga. Hata ukiifunga vipi inapanda hewani kidogo kidogo, hasa katika joto. Kijiti kilishuka, kikatoka kimelowa chini ya pale kilipolowa mara ya mwisho. Hakuuza, na bado alikuwa amepungukiwa. Dumuzi walikuwa wameingia, ila hawa hawaonekani.

Asubuhi alimwita Havugimana kando.

"Weye unajazaka wapi siku hizi? Sema kweli. Mujini ni mbali, na sikuonake ukipita."

Havugimana alitazama ncha za viatu vyake. "Mama, unaniingiza mu matata. Batu benu baliinua mukono mukutanoni, lakini nyuma ya nyumba baliisha kushusha. Unagonga mulango, unasema umetumwa, banakupatia trois mille, elfu tatu. Miye najazaka kwa jirani yako wa jiwe ya pili."

"Na Papa Bagalwa?"

"Papa Bagalwa, hapana. Ule iko mugumu. Ule anaikala na tonneaux yake tu."

Damu ilimchemka Mama Igihozo. Si kwa sababu walishusha. Kwa sababu walishusha gizani na mchana wanamkodolea macho asishushe yeye. Akaona kumbe mataifa yenye visima na kona ya Ndosho ni ndugu wa tumbo moja: wanakula kiapo mbele, wanauza kwa nyuma, na mjinga ni yule anayekaa na mapipa yake akitimiza neno. Kwa Papa Bagalwa aliona uchungu, maana mzee alikuwa anaamini kweli alichosema. Kwa hao wengine hakuona chochote cha kuonea huruma.

Na kama vile siku ile ilikuwa haijajaa, Gisèle naye akaja, beseni la sambaza kichwani, uso umemshuka.

"Banasema mafuta imekufa," alisema. "Nirudishie pesa yangu, mama. Yote. Vile nilikupatia."

Mtu mwingine angemlaghai, angemwambia asubiri, bei itarudi. Mama Igihozo alimpa kigoda chake, yeye akakaa juu ya bidoni.

"Gisèle, sikia vizuri, ju sitakubembeleza. Ile pesa vile ulinipatia, haiko tena. Tulinunua mapipa ine. Leo ile mapipa ine inafaa pesa ya mapipa tatu na kidogo. Ya kwako imepungua, na ya kwangu imepungua. Ile imepotea, imepotea, ata tukilia."

Gisèle alitua beseni chini. Alisema pesa ile ilikuwa ya mabati ya nyumba yake.

"Najua. Sasa kuko njia mbili," Mama Igihozo aliendelea. "Njia ya kwanza, tunaikala hapa tunasubiri bei ya zamani, na mafuta inaenda na hewa. Baba yangu alifanyaka vile na maharage. Njia ya pili, tunauzisha leo trois mille, mbio mbio, tunakula hasara mara moja. Kisha tunaenda ku camion, ku lori ya mafuta, tunajaza tena na ile ya bei ya chini. Ile mupya, tukiuzisha trois mille, iko na faida. Tonneau haijue ulinunua ngapi."

"Na wakigeuza jiwe yako?"

Hapo Gisèle alikuwa ameweka kidole kwenye kidonda. Bila jiwe yeye alikuwa nini? Mama mwenye bidoni asiye na pa kuziweka. Angerudi Kanyaruchinya kutafuta turubai? Jiwe lile lilikuwa limelipa shule, limemwoza Igihozo kwa heshima, limemfanya mtu awezaye kutaja anwani yake. Aliogopa, na anakiri hilo. Kisha akamfikiria jirani wa jiwe la pili, na mlango wake wa nyuma.

"Nitashusha," alisema. "Na sitashusha nyuma ya nyumba. Nitashusha hapa, mu barabara, na sauti."

Kesho yake aliweka chupa juu ya jiwe, akasimama, akatoa ile sauti yake ya kupita juu ya malori. "Trois mille. Trois mille kwa Mama Igihozo. Trois mille, na ni ya kuchujwa." Dereva wa kwanza alifunga breki mpaka tairi likalia. Wa pili akamgonga wa kwanza. Kabla majirani hawajajua waangalie wapi, pikipiki zilikuwa zimeziba nusu ya barabara, na Havugimana amejipa cheo cha kupanga foleni.

Papa Bagalwa alifika polepole, koti limefungwa vifungo vyote. Pikipiki zikampisha.

"Mama Igihozo, uliinua mukono."

"Niliinua, papa. Leo nashusha ule mukono. Na nashusha mbele yako, siyo mu mugongo yako."

"Tulikubaliana. Mutu mumoja akishusha, sisi wote tunakufa."

"Papa, balishakufa. Uliza hawa bote banauzishaka bei gani nyuma ya nyumba yao. Weye peke yako njo uko unangoja." Akawatazama wauzaji wenzake mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa na shingo ya kumrudishia macho. Jirani wa jiwe la pili aligundua ghafla kwamba faneli yake inahitaji kusafishwa.

Mzee aliona. Mtu aliyekuwa karani miaka yote ile hawezi kushindwa kusoma nyuso. Lakini alikuwa amesimama mbele ya kona nzima, na sheria ilikuwa sheria yake, na kuirudisha mfukoni hadharani hakuweza. Akainama. Akalishika lile jiwe alilolibeba yeye mwenyewe begani, akaliinua upande mmoja, mishipa imemtoka shingoni, akalipindua. Chupa ilikuwa tayari mkononi mwa Mama Igihozo.

"Kesho unaomba musamaha mbele ya batu," alisema akihema. "Hapana vile, jiwe inaenda mu mutaro."

Akageuka kuondoka. Mama Igihozo alitazama tumbo la jiwe, yale makovu yaliyokuwa hayajaona jua tangu siku ile walipolileta. Moyo ulimuuma hasa, akatamani kulia, na akachelea kulia mbele ya watu wale. Akapapasa na kiganja, akapata mahali penye ubapa kidogo kati ya matundu mawili, akaisimamisha chupa hapo. Iliyumba. Akaishikilia kwa kokoto mbili. Ikatulia.

"Trois mille," akaita. "Trois mille, jiwe ya kugeuka."

Foleni nzima ilipasuka kicheko, na kicheko kile ndicho Papa Bagalwa alichokwenda nacho nyumbani.

Siku hiyo mapipa mawili yaliisha. Gisèle alikuwa anachota uani na kuzileta bidoni, kitambaa cha misa bado kichwani, mikono inanuka petroli na sambaza kwa pamoja. Hasara yao waliila palepale, bila kuifunika. Jioni Mama Igihozo alikwenda mahali malori ya mafuta yanapoegesha, akanunua ya bei ya chini, na alipotia kijiti katika pipa lililojaa tena alisema kwa sauti kwamba hasara ina mwisho, kungoja ndiko hakuna mwisho. Gisèle akasema amina, kwa mazoea.

Lakini usiku alilala macho wazi. Hakuwa na nia ya kuomba msamaha, na alijua mwenyekiti si mtu wa kutisha bure.

Asubuhi Papa Bagalwa alikuja na vijana wawili wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wa kubeba jiwe. Alipofika kwenye kona akasimama. Jiwe la tatu lilikuwa limegeuka, na Mama Igihozo amekaa juu yake kabisa, miguu ameikunja, chupa mapajani. Hilo alilitegemea. Ambalo hakulitegemea lilikuwa jiwe la pili. Yule jirani wa mlango wa nyuma alikuwa amelipindua lake mwenyewe, na jasho bado linamtoka. Alikuwa ameona foleni ya jana, na aibu nayo ilikuwa imemfanyia kazi yake. La nne na la tano pia yalikuwa yamegeuka. La sita lilikuwa linageuzwa wakati uleule, na mke na mume wanagombana lishikwe wapi.

"Nani amebageuzia?" mzee aliuliza.

"Sisi benyewe, papa," alisema jirani, akitazama pembeni. "Bamotard banatafuta jiwe ya kugeuka. Ile ya kusimama banaipita."

Vijana wa kubeba waliuliza waanze na lipi. Papa Bagalwa aliyahesabu mawe kwa macho. Mtaro haukuwa na nafasi ya mawe yote yale, na hata ungekuwa nayo, angebaki mwenyekiti wa jiwe moja. Akawalipa vijana nauli yao, akaenda kukaa nyuma ya jiwe lake, la kwanza kutoka kona, lililochongwa vizuri kuliko yote, ambalo sasa lilikuwa peke yake limesimama. Chupa yake ilimetameta juani. Hakuna aliyepunguza mwendo.

Alikaa hivyo siku kadhaa. Wakati huo lori jingine lilileta ya bei ya chini zaidi, na Mama Igihozo akajaza tena, bei akaiacha trois mille, akiwaambia madereva waziwazi wasimwite mtakatifu: siku bei itakapopanda huko mbali, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kupandisha, na watamtukana, na atawauzia huku wakimtukana. Gisèle alihesabu pesa ya mabati yake, akakuta imerudi nusu ya iliyopotea, akaacha pesa yake ndani ya mapipa.

Halafu asubuhi moja mzee alisimama, akafungua vifungo vya koti, akaja mpaka jiwe la tatu. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Mama Igihozo. Tonneaux yangu inapungua bila kuuzisha. Jana nilipima."

"Ni vile inafanyaka, papa."

"Mugongo yangu hainikubalie tena. Kuja unisaidie kugeuza ile jiwe."

Majirani wote walitega masikio. Mama Igihozo hakuinuka. Alikuwa na kila sababu ya kumwacha, na ilimpasa ajizuie asizitaje zote. Alimtazama yule mzee aliyemchagulia jiwe na aliyempindulia.

"Nitakuja," alisema. "Lakini sema kwanza bei."

"Unaijua."

"Naijua. Bamotard habaijue. Sema."

"Trois mille," Papa Bagalwa alisema, kwa sauti ya chini.

"Bale ba ng'ambo habajasikia, papa. Miye niliisema mbele ya batu."

Mzee aligeukia barabara. Pikipiki zilikuwa zinapita na mifuko ya makaa, na akina mama wenye mabeseni, na vumbi jeusi la Ndosho. Akavuta pumzi, akatoa sauti ambayo pengine hajaitoa tangu ujana wake.

"Trois mille! Trois mille kwa Papa Bagalwa!"

Pikipiki mbili zikapunguza mwendo. Hapo Mama Igihozo akainuka kwenye jiwe lake, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaenda kushika upande mzito.